Nyota Si Kitu cha Kupatana

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akija nikampima kiuno, nikakuta thelathini na sita, basi ni thelathini na sita. Anaweza kununa, anaweza kuvuta tumbo ndani mpaka macho yamtoke, anaweza kuniapia kwamba harusini kwake alikuwa thelathini. Suruali nitaikata ya thelathini na sita. Bei tutazungumza mpaka jua lizame. Kiuno hatuzungumzi. Nakwambia mapema ili ujue kilichonikasirisha ni nini, maana Shinyanga nzima ilisema nilikasirika kwa sababu ya utoto, na wengine wakasema ni kiburi cha darasa la nne.

Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza cha duka la Mhindi mmoja, Baniani, mtu wa makamo, muuza vitambaa na mablanketi. Alizaliwa hapa hapa mjini. Kisukuma chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi niliyenyonya nacho, na akitukana kwa Kisukuma hata ng'ombe wanageuka. Alikuwa na duka, na mke, na watoto waliokuwa wanasoma mbali, na darubini. Darubini ndiyo aliyoipenda zaidi. Mkewe alikuwa analisema hilo waziwazi mbele ya wateja.

Aliinunua Geita, kwa Mzungu wa mgodini aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuja juu ya lori, imezungushiwa mablanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Bomba refu kuliko mtu, kioo cha mbele kama kisahani cha chai, na mguu mzito wa chuma wa kuikalisha. Sasa ule mguu ulitengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Huko kwao mbingu inazunguka kwenye ncha iliyo juu angani, kwa hiyo chuma kimeelekezwa juu. Kwetu ncha ziko chini kabisa, zinagusa vichaka, moja kaskazini na nyingine kusini. Ukiisimamisha ile darubini kama ilivyokuja, inafuata nyota za kwao wakati nyota za Shinyanga zinajiendea zake. Ikabidi tuchonge kabari ya mninga, tukaulaza ule mguu mpaka ukawa umejinyoosha kama mbuzi anayesubiri kisu. Hapo ndipo ikatulia. Ila ukitaka kuchungulia, mara nyingi ilibidi upige magoti kwenye mavumbi ya uani, katikati ya kuni za mke wa mwenye duka.

Tulikuwa watatu. Mwenye duka, mimi, na dresa wa hospitali, yule anayefunga watu vidonda na kuwachoma sindano. Dresa alikuwa Mzaramo, mtu mzima mwenye wajukuu, hakosi swala. Yeye ni mtani wangu. Wazaramo na sisi Wasukuma tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote na yeye kuniambia lolote. Nikimkuta anapiga kikohozi namwuliza kaburi tulichimbe upande gani. Yeye akinikuta ninakula michembe, viazi vyetu vikavu, ananiuliza kama ng'ombe wenzangu wameshashiba. Mambo yalikuwa mazuri.

Kazi yetu ilikuwa nyota pacha. Kwa macho matupu unaona nyota moja. Ukiiweka kwenye darubini inapasuka, zinakuwa mbili, zimekaa pamoja kama punje za mtama kwenye kiganja. Zipo zilizosimama mbali kidogo, hizo hata mtoto anaona. Zipo zilizobanana, na hizo ndizo zilizotutoa ugali mdomoni. Pacha wa kweli wanazungukana. Mwaka hata mwaka mmoja anasogea, mwingine anasogea, na watu wa dunia nzima, watu kama sisi wasiolipwa na mtu yeyote, wanazipima: ziko mbali kiasi gani, na ya pili iko upande gani wa ya kwanza. Wakikusanya vipimo vya miaka mingi wanajua zinavyokwenda.

Tunapima kwa uzi wa buibui. Sifanyi mzaha, ingawa mzaha naupenda. Kwenye sehemu ya kuchungulia kuna kidude cha shaba chenye nyuzi mbili ndani yake. Mmoja umesimama, mwingine unausogeza kwa skrubu. Unaweka huu juu ya nyota hii, unazungusha skrubu taratibu mpaka wa pili ukae juu ya nyota ya pili, halafu unasoma namba kwenye skrubu. Uzi wa pamba haufai hata uwe mwembamba vipi. Ukiuona mle ndani ni kama kamba ya kufungia fahali, unafunika nyota zote mbili na ukoo wao. Nyuzi zikikatika mimi ndiye ninayezifunga, maana mimi ndiye ninayeshika sindano.

Kulikuwa na kanuni. Kichwa wima, usikilaze begani, kwa sababu jicho lililolala linapotosha upande. Usipime mara moja ukaridhika, rudia. Na kanuni kubwa kuliko zote: kila mtu apime peke yake, asiseme alichopata mpaka wote watatu wamemaliza. Kanuni hiyo tuliifuata. Lakini tulipomaliza ndipo mambo yalipoharibika, maana mwenye duka alikuwa na kanuni yake nyingine ambayo haikuandikwa popote.

Kiangazi hicho ilikuja barua kutoka kwa wenzetu wa nchi za kusini, watazamaji kama sisi, ambao mwenye duka alikuwa anawapelekea vipimo vyetu. Waliomba nyota moja tu, ile iliyo jirani na Msalaba wa Kusini. Kitabu cha zamani cha nyota, alichokuwa nacho mwenye duka, kinasema umbali wa wale pacha ni moja na nusu. Hiyo wanaiita sekunde, lakini si ya saa, ni kipimo kidogo cha angani. Wewe jua tu kwamba moja na nusu ni karibu sana, na ikifika moja darubini yetu inaanza kutokwa na jasho. Wenzetu walihisi wale pacha wanasogeleana haraka, ila kwao kulikuwa na mawingu. Wakasema nyie mna anga kavu, tunaomba mtupimie.

Mimi nilisomewa ile barua nimeshika pasi ya mkaa, nikaiacha pasi juu ya shati la watu mpaka likatoa moshi. Ndiyo, nililifidia. Lakini fikiria. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu chochote isipokuwa suruali yangu itakuwa tayari lini. Sasa watu nisiowajua, wanaokaa ng'ambo ya mito mingi, wanataka kujua mimi nimeona nini. Nilitaka waambiwe nilichoona. Basi. Sikutaka kingine.

Jioni ya kwanza tulianza mara dresa aliporudi kutoka kuswali. Upepo ulikuwa umelala, vumbi la malori ya pamba limetua. Nilipiga magoti, nikanyoosha kichwa, nikasubiri. Zile nyota zilikuwa zinachemka kama uji, halafu zikatulia kidogo, na katika kule kutulia nikaziona mbili, katikati yao kuna mstari mweusi mwembamba, kama mwanya wa meno. Nikapima. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka dresa akaniuliza kama nimezama.

Tulipomaliza wote tukakaa kwenye mikeka.

"Moja na nusu," akasema mwenye duka.

"Moja," nikasema.

Dresa akakohoa. Siku zote alikuwa wa mwisho kusema. "Moja na robo."

Mwenye duka akapiga paja kwa furaha. "Basi! Moja na robo. Tumeelewana."

"Nani kaelewana?"

"Sisi hapa. Mimi nashuka robo, wewe unapanda robo, dresa anabaki. Hakuna aliyeumia."

"Bhai, mimi sikuuzii nyota."

"Fundi, usiwe mgumu. Kijana mdogo hivi. Panda kidogo."

"Nipande niende wapi? Skrubu imeniambia moja."

"Skrubu inaweza kukosea."

"Basi ikosee. Lakini ikosee kwa jina langu, isikosee kwa jina la dresa."

Akacheka, akaandika moja na robo.

Nisikufiche, haikuwa mara ya kwanza. Pacha wengine wote tuliopima kabla ya hapo alikuwa anatufanyia hivyo hivyo. Tukitofautiana unywele, yeye anashusha huyu, anapandisha yule, tunapatana, anaandika namba moja ya watu watatu. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu wale pacha walikaa mbali na tofauti yenyewe ilikuwa ya unywele. Lakini nusu nzima si unywele. Kama ni moja na nusu, wale pacha wamekaa tu tangu kitabu kiandikwe. Kama ni moja, wamekimbiliana. Na hicho ndicho walichotuuliza! Sasa ukiwapelekea moja na robo umewajibu nini? Ni sawa na kuulizwa mama kajifungua wa kiume au wa kike, ukasema tumekutana katikati.

Tukarudia jioni nyingine, na nyingine. Kila mara yeye moja na nusu, mimi moja, mara nyingine moja kasoro kidogo. Na dresa yuko katikati yetu kama nyama kwenye mshikaki. Kila mara "panda kidogo, fundi". Nilijaribu kueleza kwa adabu. Nilijaribu kueleza bila adabu. Akaniambia neno lililonichoma zaidi: "Wewe bado hujui kukaa na watu."

Siku ya kuandika majibu ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, mji umejaa, kibaraza kimejaa akina mama wanaonunua vitambaa vya marekani. Mwenye duka amekaa nyuma ya meza yake, mkono mmoja anapimia watu kitambaa, mkono wa pili anaandika barua. Nikachungulia. Majina yetu matatu yamepangwa, na mbele ya kila jina moja na robo, moja na robo, moja na robo. Mbele ya jina langu! Namba ambayo sijawahi kuiona wala kuiota.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya mnadani: "Akina mama, shikamooni! Msimshangae huyu bwana. Anapima nyota kama anavyopima marekani. Yadi moja, lakini kidole gumba chake nacho kinahesabiwa!"

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa ameshakatiwa na kufungiwa chake akakifungua pale pale, akaanza kukipima upya kwa mkono wake, kiwiko mpaka kidole, anahesabu kwa Kisukuma kwa sauti. Wengine wakamwiga. Mwenye duka akawa mwekundu. Nilijua ameumia, lakini nilikuwa nimeumia kwanza.

Kumbe kwa mfanyabiashara hilo neno ni kubwa. Ningemwambia dresa kwamba anachoma watu maji matupu, dresa angecheka na kuniahidi sindano ya shingoni. Lakini Baniani si mtani wangu. Hakubeba mizigo na babu yangu. Mzaha niliomfanyia hauna pa kukaa, unabaki tusi. Hivyo ndivyo walivyonieleza baadaye, na mimi nikawauliza: na kuandika uongo mbele ya jina la mtu, hilo nalo lina pa kukaa?

Akanishitaki kwa mwanangwa, mkubwa wetu wa mtaa.

Mwanangwa alikuja kesho yake alasiri na wazee wawili. Wakapewa viti, chai na chapati za mke wa mwenye duka. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba bila kunitazama, dalili mbaya. Mwenye duka akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa Kisukuma chake safi, mpaka mimi mwenyewe nikajionea huruma kwa kuwa na adui mwenye maneno mazuri hivyo. Akasema amenipa kibaraza chake, amenifundisha darubini, ananiita mwanangu, na mimi nimemwita mwizi mbele ya wateja. Akasema pia hataki mtu wa namna hiyo kwenye darubini wala kwenye kibaraza, isipokuwa niombe msamaha na nikubali kipimo walichokubali wenzangu.

"Bebe, wewe kijana, una la kusema?" mwanangwa akaniuliza.

"Msamaha wa kidole gumba nitaomba. Kipimo sikubali."

"Hicho kipimo ni cha nini?"

"Cha nyota, mwanangwa."

"Iko wapi?"

"Sasa hivi ni mchana, haionekani."

Akawageukia wazee wake. "Mnasikia? Wanagombania kitu ambacho hakipo." Lakini alikuwa mtu wa kutaka kuona, au labda chapati zilikuwa nzuri, akasema atangoja.

Giza lilipoingia tukampeleka uani. Mwenye duka akaielekeza darubini. Mwanangwa akapiga magoti, joho lake likaburura mavumbi, akachungulia kwa muda mrefu huku mdomo wazi.

"Naona moja," akasema. "Inatetemeka."

"Ni mbili, mwanangwa."

"Wewe unaona mbili zilizokaribiana. Huyu anaona mbili zilizoachana. Mimi naona moja, na sina ugomvi na mtu." Akainuka, akajipangusa magoti. "Kijana atoe kuku mmoja kwa kumtukana mtu mzima. Na kipimo chenu gaweni katikati, kama watu wanavyogawana mpaka wa shamba. Kwani nyota ni za nani? Za mama yenu?"

Wazee wakaitikia kwamba ni sawa. Mwenye duka akaitikia kwamba ni sawa. Nikaona kumbe si yeye tu. Ni watu wote. Ukileta ugomvi wowote kwetu, wa ng'ombe, wa mahari, wa mke, utaambiwa mkutane katikati, na mara nyingi ni dawa nzuri. Lakini ng'ombe anakubali kugawanywa kwa sababu ana nyama pande zote. Mwanya wa nyota mbili una nini katikati?

"Sikubali," nikasema. "Kuku nitatoa. Kibaraza nitahama, nitabeba cherehani kichwani niende Geita nikashonee wachimbaji makaptura. Lakini jina langu likiandikwa mbele ya moja na robo, huo ni uongo, na mimi sikuusema. Mlifute jina. Mwandike wako watu wawili."

"Yaya, yaya, hapana jamani, mtoto huyu," akasema mzee mmoja, akitikisa kichwa.

Mwenye duka hakunitazama. "Basi ahame."

Nilimtazama mtani wangu. Dresa alikuwa amekaa kwenye gogo la kuni, anachezea tasbihi yake. Nilisubiri anikejeli, hata hilo lingenisaidia. Akakohoa.

"Mwanangwa," akasema, "kabla hajahama, naomba niseme. Mimi hizo mbili sijawahi kuziona."

"Hujaziona vipi?" mwenye duka akauliza.

"Sijaziona. Za siku nyingine niliziona. Hizi, hapana. Naona moja, kama mwanangwa. Mara nyingine naona imerefuka kidogo, kama yai. Mbili, hapana."

Nikaruka. "Na moja na robo ulikuwa unaitoa wapi, we mzee?"

"Huyu anasema moja na nusu, wewe unasema moja. Nikasema nimuudhi nani? Nikakaa katikati."

"Robo nzima umeitoa wapi?"

"Kwenye adabu," akasema dresa.

Wallahi, nilitaka kumrukia. Siku zote hizo! Mimi napiga magoti mpaka ngozi inachubuka, narudia, naitwa mgumu, naambiwa sijui kukaa na watu, na ile namba niliyokuwa nalazimishwa kuipandia haikuwa namba ya jicho lolote. Ilikuwa heshima! Nikamwambia mtani wangu maneno ambayo utani unayaruhusu na mengine ambayo utani hauyajui. Akayapokea yote, kichwa chini. Alipochoka akasema tu, "Umemaliza? Mate yako yananirukia."

Mwenye duka alikuwa amesimama ameshika bomba la darubini kama mtu aliyeshika shingo ya punda.

"Kwa hiyo katikati hapakuwa na mtu," akasema polepole.

"Hapakuwa na mtu," dresa akasema.

"Nimeandika bei ambayo hakuna aliyeitaja."

"Ndiyo nilichokuwa nakwambia!" nikasema.

"Wewe nyamaza kwanza." Akageuka, na sasa alikuwa na hasira zake mwenyewe, si za kidole gumba. "Unajua kwa nini nafanya hivi? Wale wenzetu wakiona watu watatu wa Shinyanga wamepima kitu kimoja wakapata namba tatu, watasema nini? Watasema dukawala na mshonaji na mfunga vidonda, hawajui kupima, waacheni. Hawataandika tena."

"Na wakiona tumefanana kama vifungo vya shati moja, watasema nini?"

Akaanza kuifunika darubini.

"Na wewe," nikamwuliza, maana nilikuwa nimeshapoteza kibaraza, sikuwa na la kuogopa, "moja na nusu yako. Kitabu umekisoma kabla ya kupima, au baada?"

"Kabla," akasema kwa ukali. "Nani anaingia sokoni hajui bei?"

Mwanangwa akapiga mwayo. Akasema yeye ameshahukumu, kuku apelekwe kwake asubuhi, na mambo ya angani tuyamalize wenyewe. Akaondoka na wazee wake, na chapati mbili zimefungwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo pananichoma mpaka leo, hilo la kuku. Aliyetukanwa ni Baniani, hagusi nyama, hata harufu yake anaikimbia. Kwa hiyo kuku wangu, jogoo mzima mwenye sauti, alikwenda kuliwa na mtu ambaye hakutukanwa, hakupima, na aliona nyota moja. Nilimpeleka mwenyewe, nimemshika miguu, na njiani watu wananiuliza, "Fundi, hiyo ndiyo nyota yenyewe?"

Nilipotoka huko nilikwenda kibarazani kuchukua cherehani. Nilikuta mwenye duka ameichana ile barua, ameweka karatasi mpya mezani. Dresa alikuwa amekaa pembeni, amevaa sare ya hospitali, anachelewa kazini kwa makusudi.

"Kaa," mwenye duka akaniambia. "Kila mtu aandike chake, kwa mkono wake. Mimi sitagusa."

Aliandika yeye kwanza: moja na nusu. Hakushuka. Na chini yake akaongeza kwamba alikuwa ameshasoma kitabu. Sikumwambia aandike hivyo. Niliandika mimi: moja, mara nyingine moja kasoro. Akaniambia nisiandike maandishi makubwa, karatasi ni yake. Nikaandika makubwa. Dresa akachukua kalamu, akaitazama kama sindano anayojichoma mwenyewe, akaandika: sikuziona mbili.

Cherehani nikaiacha pale ilipokuwa. Hakuna aliyeniambia baki na hakuna aliyeniambia nenda, na wateja walikuwa wanangoja.

Majibu ya wenzetu wa kusini yalipokuja, ndipo nilipokasirika upya. Waliandika asanteni nyote watatu, vipimo vimewekwa vyote kama vilivyo, na kwamba wamefurahi hasa kwa yule bwana aliyesema hakuziona mbili, kwa sababu watu wengi wanaona aibu kusema hivyo, na kutoziona nako ni habari. Hasa kwa yule bwana! Nani kasema fundi yuko sawa? Hakuna. Walisema watajua wakishapata vipimo vya wengine, na tuendelee. Mimi nimetoa jogoo, nimeparuza magoti, nimeitwa mtoto, na pongezi anachukua Mzaramo kwa sababu ya macho mabovu!

Jioni hiyo alikuja uani kifua mbele. "Nipisheni, nipisheni," anasema, "mwenye kutoona apite." Nikamwambia nitamchimbia kaburi la urefu wa moja na robo. Akacheka mpaka akapaliwa.

Tukapima. Tulipomaliza tukakaa kwenye mikeka.

"Moja na robo," akasema mwenye duka, halafu akainua kidole kabla sijafungua mdomo. "Nimepima. Kitabu kimefungwa, kiko kwa mke wangu. Leo nimeona moja na robo."

"Moja kasoro kidogo," nikasema.

"Yai," akasema dresa.

Mwenye duka akashika kalamu. Niliona shingo yake inaumuka, neno limefika kooni, lile lile la "panda kidogo", na mimi nikajitayarisha kulijibu. Akalimeza. Akaandika namba yangu kama mtu anayeng'olewa jino, pole pole, akilalamika kwa Kihindi chini kwa chini, lakini aliiandika yote, na ile kasoro yake.